Kadi ya NVIDIA kwenye mazabodi ya AMD, Radeon kwenye Intel: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu wa Dodoma na mikoa ya jirani anayetaka kuongeza kadi ya grafiki kwenye kompyuta yake: mhariri wa video za harusi, mchoraji wa ramani za nyumba, mwanafunzi wa UDOM, mcheza gemu.

Nina mazabodi ya AMD. Kadi ya NVIDIA itakubali?

Itakubali. Na Radeon kwenye mazabodi ya Intel itakubali vilevile. Kadi na mazabodi vinakutana kwenye sloti ya PCI Express, na sloti hiyo haimilikiwi na kampuni yoyote kati ya hizo. Viwango vyake vinatungwa na PCI-SIG, umoja ambao AMD, Intel na NVIDIA wote wamo. Kompyuta ikiwashwa, kadi haiulizi chipseti (chipu kuu ya mazabodi) imetoka kiwanda gani. Inakubaliana na upande wa pili mambo mawili, kasi na idadi ya njia za data, kisha kazi inaanza.

Hata neno "chipseti" linapotosha kidogo. Kwenye kompyuta nyingi za sasa, sloti ya juu ya kadi haipiti kabisa kwenye chipseti. Imeunganishwa moja kwa moja na prosesa. Intel walianza kuzihamishia njia hizo ndani ya prosesa za kawaida mwaka 2009, kwenye soketi ya LGA1156, na AMD wakafuata. Ndiyo maana mazabodi ileile ya B550 inatoa PCIe 4.0 ukiweka Ryzen 5 5600, na inashuka hadi 3.0 ukiweka Ryzen 5 5600G. Kwa hiyo unapouliza dukani, taja prosesa kwanza, mazabodi baadaye.

Mbona fundi anasisitiza Radeon iende na AMD?

Hajatunga, amechelewa tu. Katikati ya miaka ya 2000, aliyetaka kufunga kadi mbili za NVIDIA zifanye kazi kwa pamoja kwa teknolojia ya SLI alihitaji mazabodi yenye chipseti ya NVIDIA yenyewe, nForce. Mwaka 2008 NVIDIA wakaanza kutoa leseni kwa mazabodi za Intel X58. AMD nao walikuwa wameinunua ATI mwaka 2006, wakawa na CrossFire yao. Ugomvi wote huo ulihusu kadi mbili kwa mpigo. Kadi moja ilikuwa inakubali popote.

Uvumi ulifufuka Oktoba 2020, AMD walipotangaza Smart Access Memory: Ryzen 5000, mazabodi ya mfululizo wa 500 na Radeon RX 6000, vyote vya kwao. Watu wakaamini kuna siri ya ukoo. Kumbe chini ya jina hilo kuna Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mpigo, kitu kilichokuwamo tayari kwenye viwango vya PCI Express. Mwaka 2021 NVIDIA waliiwasha kwenye RTX 30, na mazabodi za Intel zikapata BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayowasha kompyuta) zenye uwezo huo.

Basi kinachokataa ni nini?

Umeme, nafasi, njia na BIOS. Umeme ndio unaoongoza, na kosa lenyewe ni kuamini namba kubwa iliyoandikwa kwenye pawasaplai.

Fungua ubavu wa keisi usome stika ya pawasaplai. Achana na "500W" iliyoandikwa kwa wino mzito. Tafuta safu ya +12V, maana kadi na prosesa vinakula huko. Ikiwa imeandikwa 18A, zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Hizo ndizo unazoweza kutegemea, na kwenye pawasaplai za bei ya chini hata hizo zisikupe usingizi. Ikiwa kuna safu mbili za 12V, usizijumlishe tu. Soma jumla yao iliyoandikwa chini.

Sasa piga hesabu ya matumizi. RTX 4060 inakula wati 115. Core i5-12400F ikiminywa inafika 117. Weka 60 kwa mazabodi, RAM, diski na feni. Jumla ni 292. NVIDIA wanapendekeza pawasaplai ya wati 550 kwa kadi hiyo, na si kwa sababu hawajui kujumlisha: kadi huruka juu kwa sehemu ndogo ya sekunde, na pawasaplai ikizeeka uwezo wake unapungua.

Sloti yenyewe hutoa hadi wati 75. Plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Kadi isiyo na plagi kabisa, kama GTX 1650 ya kawaida au GTX 1050 Ti nyingi, inajitosheleza kwa sloti. Ukiona adapta ya kubadili plagi ya SATA kuwa pini 6, iache dukani. Plagi ya SATA kwenye 12V imepimiwa ampea 4.5, yaani wati 54, wakati pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki inalainika, harufu inatoka, na mara nyingi plagi na kadi vinaondoka pamoja.

Nina kompyuta ya ofisini ya mtumba. Niweke kadi gani?

Kompyuta za mtumba ndizo nyingi mjini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zina prosesa nzuri kwa bei yake, ila zilitengenezwa kwa ajili ya barua na hesabu, na kadi ya grafiki haikuwa kwenye mawazo ya aliyezichora.

Anza na ukubwa wa keisi. Keisi nyembamba hupokea kadi fupi ya kimo pekee, yenye bati dogo la nyuma. Kadi ya kimo cha kawaida haitaingia hata ukiisihi. Baadhi ya wauzaji hukata bati kwa msumeno. Chembe za chuma zinadondokea kwenye mazabodi, na hapo shoti inasubiri siku yake. Nunua kadi inayokuja na mabati mawili, refu na fupi, kwenye boksi. Pima pia urefu na unene: kadi nyingi zinachukua nafasi ya sloti mbili, na jirani yake mara nyingi ni kebo za diski au ukuta wa pawasaplai.

Pawasaplai ya OptiPlex 7010 nyembamba ni wati 240. Inatosha kwa kadi isiyo na plagi. Kwenye baadhi ya keisi nyembamba sloti hairuhusiwi kutoa wati 75 zote, hivyo soma mwongozo wa modeli yako kabla ya kununua. Na usidhani utabadili pawasaplai kirahisi: OptiPlex 7020 na 9020 zina plagi ya mazabodi ya pini 8 ya Dell wenyewe badala ya pini 24 zilizozoeleka, na EliteDesk 800 G1 ina pini 6 za HP. Adapta zipo, lakini pawasaplai ya kawaida haiingii kwenye keisi nyembamba, kwa hiyo kazi hiyo ni ya keisi kubwa tu.

Jambo moja ambalo linaweza kuua kompyuta kabla hata ya kadi kuingia: baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi nyekundu nyuma yenye 115 na 230. Kompyuta ikitoka Marekani huenda ikawa kwenye 115. Ukichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa volti 230, utasikia mlio mmoja tu.

Kwa ujumla, kwenye keisi nyembamba chagua GTX 1650 ya kimo kifupi. Kwenye keisi kubwa yenye pawasaplai ya kawaida iliyobadilishwa, RX 6600 au RTX 3050 ni chaguo la maana. GT 1030 ni ya kuongeza monita ya pili, si ya kazi nzito.

RX 6500 XT ni mpya kuliko GTX 1650. Kwa nini inashindwa kwenye mashine yangu ya zamani?

Kwa sababu ya njia. Sloti ni ndefu, yenye nafasi ya njia 16, lakini kadi hutumia zile tu ilizochorewa. RX 6500 XT na ndugu yake RX 6400 zina njia 4. Kwenye PCIe 4.0 kila njia hupitisha karibu gigabaiti 2 kwa sekunde, hivyo 4 zinatoa karibu 8. Kwenye 3.0 zinabaki karibu 4. Kwenye mazabodi ya H81, ambayo sloti yake ya kadi ni 2.0, kila njia ni nusu gigabaiti: jumla 2.

Sasa weka GTX 1650 kwenye H81 hiyohiyo. Ina njia 16. Nusu mara 16 ni 8. Yaani kadi ya zamani kwenye sloti ya zamani inapata barabara pana sawa na ile ambayo RX 6500 XT inaipata kwenye mazabodi mpya. Tofauti hiyo haionekani gemu inapotosha ndani ya gigabaiti 4 za kadi. Zikijaa, data inaanza kupita kwenye sloti kwenda RAM na kurudi, na picha inakwamakwama.

Mhariri wa video ana sababu nyingine ya kuiepuka: RX 6500 XT haina kifaa cha kusimba video, hivyo kutoa faili ya H.264 kunarudi kwenye mabega ya prosesa.

RTX 4060, RTX 3050, RX 6600 na RX 7600 zina njia 8. Kwenye 3.0 hupungukiwa kidogo tu. Usizikimbie kwa sababu hiyo. Ila hakikisha kadi iko kwenye sloti ya juu, iliyo karibu na prosesa. Sloti ndefu ya pili kwenye mazabodi nyingi ina njia 4 tu zinazopitia chipseti.

Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Kadi imekufa?

Mara nyingi haijafa. Fuata mpangilio huu usiruke.

Kebo ya monita iko wapi? Ikiwa bado imechomekwa kwenye mazabodi, ihamishie kwenye kadi. Hilo pekee humaliza kesi nyingi kuliko yote yanayofuata.

Zima, chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 kumaliza chaji. Toa kadi, uirudishe kwa kusukuma ncha zote mbili kwa usawa mpaka usikie klipu ya sloti ikilia. Angalia dhahabu ya kadi: ikiwa upande mmoja umeonekana zaidi ya mwingine, bati la nyuma limepanda juu ya keisi na kadi imekaa upande. Fungua skrubu, inyooshe, ndipo ufunge.

Plagi za umeme za kadi ziwe zimeingia zote. Plagi ya pini 8 ya prosesa inafanana na ya kadi lakini mpangilio wa chanya na hasi ni kinyume. Ikigoma kuingia, usiilazimishe.

Bado? Toa betri ya CR2032 kwa dakika 5 ukiwa umechomoa umeme, BIOS irudi kwenye mipangilio ya kiwandani.

Kisha rudisha monita kwenye mazabodi kama prosesa yako ina grafiki zake. Prosesa za Intel zenye herufi F na Ryzen 5 5600 hazina, na hapo utaazima kadi nyingine. Ukiwa ndani ya BIOS, tafuta kasi ya sloti na uifunge kwenye Gen3 (yaani 3.0) badala ya Auto. Hii husaidia hasa ukiwa umetumia kebo ya kurefusha sloti iliyotengenezwa kwa ajili ya 3.0 huku kadi na mazabodi vikijaribu kuongea kwa 4.0. Mazabodi za zamani kabisa zisizo na UEFI (BIOS ya kisasa) zinaweza kukataa kuonyesha picha kwa kadi mpya. Hapo dawa ni BIOS mpya ya modeli hiyo kama ipo, au kadi ya umri wake.

Kuhusu kusasisha BIOS: usifanye bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mazabodi inabaki bati. Fundi mwenye CH341A (kifaa cha kuandikia chipu) anaweza kuiandika chipu upya, ila mwulize kwanza kama anajua kuwa baadhi ya chipu za BIOS ni za volti 1.8 na zinahitaji kipande cha kushusha volti.

Nawashaje Resizable BAR kwa kadi na mazabodi za kampuni tofauti?

Inahitaji RTX 30, RX 5000 au Intel Arc, au mpya kuliko hizo. Ingia BIOS, washa "Above 4G Decoding", kisha "Re-Size BAR Support", na uzime CSM (mpangilio unaoruhusu kompyuta kuwaka kwa mtindo wa BIOS ya zamani).

Hapo kwenye CSM ndipo watu wanapolia. Kama Windows ilisakinishwa kwa mtindo wa zamani, diski ikiwa MBR, ukizima CSM kompyuta haitapanda. Kabla ya kuzima, nakili faili zako kwenye diski nyingine, kisha fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikisema imefaulu, rudia ukiweka /convert mahali pa /validate. Ikikataa, mara nyingi diski ina sehemu kuu nne. Kifaa hiki kinataka zisizidi tatu. Baada ya hapo ndipo uzime CSM.

Faida ni asilimia chache kwenye gemu nyingi, na kwenye baadhi hakuna kabisa. Kama hatua hizo hazileti mgogoro kwenye mashine yako, washa. Kama diski inaleta ubishi na wiki hii una harusi tatu za kuhariri, acha.

Na Intel Arc kwenye Ryzen?

Inakubali, lakini kwa Arc suala la Resizable BAR halina mjadala: bila hiyo kasi inaporomoka vibaya. Lenga Ryzen 3000 na kuendelea kwenye mazabodi ya mfululizo wa 500, au Intel kizazi cha 10 na kuendelea. Kwa kompyuta ya mtumba ya kizazi cha 4, usinunue Arc.

Nimetoka Radeon kwenda GeForce. Nifute nini?

Draiva ya zamani. Pakua draiva mpya kwanza uiweke kwenye diski, pakua na DDU (Display Driver Uninstaller). Chomoa intaneti, vinginevyo Windows Update itawahi kukuwekea draiva yake. Ingia Safe Mode, endesha DDU, chagua kampuni ya kadi unayoiondoa, chagua kusafisha na kuzima. Badilisha kadi, washa, sakinisha draiva, ndipo urudishe intaneti. Draiva ya chipseti ya AMD usiiguse; ile ni ya mazabodi, haina ugomvi na GeForce.

GPU-Z inaonyesha "x16 3.0 @ x16 1.1". Nimepigwa?

Hapana. GPU-Z ni programu ya kusoma taarifa za kadi, na kadi ikiwa haina kazi hushusha kasi ya sloti ili kubana umeme. Bonyeza alama ya kuuliza pembeni, endesha jaribio, namba itapanda. Cha kutilia shaka ni upande wa njia: ikibaki x4 au x1 kwenye kadi ya njia 16, itoe usafishe dhahabu yake kwa spiriti ya asilimia 99, na uhakikishe iko kwenye sloti ya juu. Ukiwa na Ryzen 3 3200G, kuona x8 ni kawaida. Ndizo njia inazotoa.

Naweza kufunga kadi ya NVIDIA na ya AMD kwenye mashine moja?

Windows 10 na 11 zinaruhusu, kila moja na draiva yake. Hazitaungana kuharakisha gemu moja. Mchanganyiko wenye maana zaidi ni grafiki za ndani ya prosesa ya Intel pamoja na kadi ya NVIDIA: washa iGPU Multi-Monitor kwenye BIOS, na programu ya kuhariri inaweza kutumia Quick Sync (kifaa cha video cha Intel) kusoma video huku CUDA (mfumo wa hesabu wa kadi za NVIDIA) ikifanya rangi na madoido.

Mzigo unatoka Kariakoo kwa basi. Nitajuaje kadi ni halisi?

Omba muuzaji akupigie picha ya skrini ya GPU-Z kabla hajapakia, na ujaribu mwenyewe ukishaupokea stendi ya mabasi ya Nzuguni. Kadi za zamani kama GTS 450 na GTX 550 Ti huandikwa upya BIOS zijiite GTX 1050 Ti. GPU-Z huziwekea neno FAKE mbele ya jina. Dalili nyingine ni tundu la VGA: GTX 1050 Ti halisi haitoi VGA ya analogi.

RX 580 iliyoandikwa 2048SP si ya kughushi, ila uwezo wake ni wa RX 570. Lipa bei ya RX 570. P106 ni kadi ya kuchimbia sarafu, haina matundu ya monita.

Vumbi na umeme wa Dodoma vinaathiri vipi?

Kuanzia Julai hadi Septemba upepo wa kiangazi unaingiza vumbi jekundu hata kwenye chumba kilichofungwa. Linashikana na vifyonza joto, kadi inapanda nyuzi, inajishushia kasi, na mwenye nayo analaumu chipseti. Safisha kila baada ya miezi 2 msimu huo kwa brashi laini na blowa ndogo, ukishikilia feni kwa kidole isizunguke. Usipeleke kwenye kompresa ya kujazia matairi: hewa yake ina maji na mafuta, na nguvu yake hung'oa mabapa ya feni.

UPS ya 650VA hubeba wati 360 hadi 390 hivi. Mashine ya RTX 4060 tuliyoipigia hesabu hapo juu inaingia, ukijumlisha monita, kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Umeme ukikatika na huna UPS, chomoa. Subiri dakika 5 baada ya kurudi ndipo uwashe.

Natumia Ubuntu. Nichague ipi?

Radeon, kama huhitaji CUDA. Draiva yake imo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), unachomeka unaendelea. NVIDIA inafanya kazi, ila Secure Boot ikiwa imewashwa, usakinishaji utakuomba nenosiri la MOK, ufunguo wa kuidhinisha draiva. Liandike mahali, kwa kuwa ukiwasha upya litaulizwa kwenye skrini ya bluu, na ukipita bila kujibu draiva haitapakiwa.